Mhimili na Majani Yake

"Mgomba ulioelemewa uwekee mhimili, na mhimili uuwekee majani." Maneno haya mmeyasikia leo kwenye benchi la zahanati, mama mmoja akimwambia mwenzake, nanyi mkacheka, kwa kuwa pale hapakuwa na mgomba wala mhimili. Palikuwa na mtoto mwenye pumu na mama mwenye hofu. Mkauliza migomba imeingiaje katika habari za sindano ya chanjo. Basi kaeni, asili ya usemi huo ni hii.

Katika vibanja vyetu vya migomba huku juu, upande wa Muleba, aliishi mjane aliyeitwa Kokwijuka. Wakubwa kwa wadogo tulimwita Ma Kokwijuka. Migomba yake ilijulikana kwa mikungu mizito, lakini sifa yake kubwa haikuwa migomba. Ilikuwa mjukuu wake, Alinda, ambaye mama yake alikuwa Mwanza akishona nguo na kuja nyumbani sikukuu kwa sikukuu.

Alinda alizaliwa na ugonjwa wa sikoseli. Bibi yake aliusoma mwili wa mtoto yule kama mkulima anavyolisoma wingu. Akimwona anashika kikombe kwa mikono miwili, alijua maumivu yako njiani, akapasha maji, akatafuta sweta. Mvua za manyunyu hazikumkuta mtoto nje. Kibuyu cha maji ya kunywa hakikumbanduka. Dawa zake alizimeza mbele ya macho ya bibi, na siku za kliniki hazikumpita. Watu walisema Alinda anaishi kwa mkono wa bibi yake, wala hawakukosea.

Jambo moja tu Ma Kokwijuka alilikataa, nalo ni chanjo. Kabla ya Alinda alikuwapo kaka yake, Mugisha, mwenye ugonjwa ule ule. Wakati huo waliishi mbali na hapa. Bibi alimbeba mgongoni akampeleka kuchanjwa, akarudi naye, na kabla juma halijaisha wakamzika. Tangu siku hiyo, watu wa chanjo walipoonekana barabarani, Alinda alipelekwa nyuma ya nyumba akae kimya. Majirani walimuunga mkono. Walisema sindano ni ya wenye nguvu, wa kwake ni yai, na yai halidungwi.

Ndipo surua ikaingia kijiji cha jirani. Mtoto wa fundi baiskeli, mwenye afya ya kubeba ndoo ya maji huku anaimba, aliugua akabaki na jicho moja. Ma Kokwijuka aliposikia habari hiyo hakula. Ikiwa surua imemfanya hivyo mtoto yule, itamfanyaje Alinda? Huku surua, huku sindano, na mtoto mwenyewe katikati.

Muuguzi wa zahanati wakati huo alikuwa kijana mmoja, Chilongani, aliyehamishiwa hapa kutoka Dodoma. Aliambiwa kuna mtoto nyuma ya nyumba fulani, akaja. Alimkuta Ma Kokwijuka kibanjani, kwa kuwa majira ya upepo yalikuwa yamekaribia na mihimili ya kuishikilia migomba ilikuwa haijawekwa. Alizungumza kwa adabu. Alieleza kwamba watoto wenye maradhi ya kudumu ndio surua na homa ya mapafu huwaumiza zaidi, na kwamba kwa wengi wao chanjo ni salama. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia hapana. Lakini katika kibanja chake mgeni hakusimama bure.

"Maneno yako nimeyasikia, mwanangu," alimwambia. "Sasa shika mti ule wenye panda, unisaidie."

Chilongani akaubeba mti, akapita migomba iliyoinama, akaenda kuuegemeza kwenye mgomba mchanga ulionyooka kando ya njia. Ma Kokwijuka alicheka mpaka akashika kiuno.

"Huo una nini hata uushikilie? Hauna hata mkungu. Upepo ukija utacheza nao tu."

"Niliona huu ndio wenye nguvu, Ma, utastahimili mti," alijibu Chilongani kwa haya. "Ule ulioinama nimeogopa kuugusa, nisije nikauvunja. Kwetu ni uwele na mtama. Ndizi tunazijua sokoni."

"Ulioinama si mbovu, umebeba. Huo ndio upepo utauangusha. Njoo huku."

Akaja, akaisukuma panda ya mti kwenye shina kwa nguvu zake zote. Gome likachubuka, utomvu ukamrukia kwenye shati jeupe. Bibi akampiga kofi mkononi.

"Unauchinja! Majani kwanza."

Akakusanya majani makavu ya mgomba, akayakunja, akayalaza ndani ya panda kama ngata kichwani mwa mwanamke, ndipo akauweka mhimili taratibu. Mgomba ukatulia. Chilongani akaomba radhi, akaaga, akaenda zake. Wapo wanaodai kijana yule alifanya makusudi ili amfundishe bibi. Si kweli. Mtu ajuaye migomba haji kibanjani na shati jeupe, na doa la utomvu halitoki mpaka nguo ichakae.

Ma Kokwijuka alibaki amesimama pale, mkono juu ya shina. Aliyakumbuka maneno ya yule mgeni: ulioinama nimeogopa kuugusa. Alikuwa ameyacheka, kumbe ni yake mwenyewe juu ya Alinda.

Asubuhi alikwenda zahanati peke yake. Alingoja wenye watoto wahudumiwe wote, kisha akaingia, akakaa mbele ya Chilongani.

"Mhimili wako nimeuona," alisema. "Majani yako wapi?"

Kijana akaelewa. Alimwambia majani yake ni maswali. Kabla ya sindano humuuliza mzazi mtoto ana maradhi gani, anatumia dawa gani, aliwahi kudhurika na chanjo, ana homa leo. Wapo watoto wachache, kama wale ambao kinga ya mwili imeshushwa sana na ugonjwa au dawa, ambao chanjo kama hii ya surua husubirishwa mpaka daktari aamue. Sikoseli yenyewe si sababu ya kuikosa. Baada ya sindano mtoto hukaa pale benchini akiangaliwa. Hakumficha kwamba mkono huweza kuuma na joto kupanda. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza bibi yule.

"Mjukuu wako wa kwanza, siku ile kabla ya sindano, alikuwaje?"

 Ma Kokwijuka alisema Mugisha alikuwa akikohoa tangu juzi yake. Alisema katika foleni alikuwa wa moto mgongoni, joto lake likipenya kanga. Walimdunga, wakaita mwingine.

Chilongani aliweka kalamu chini.

"Ma, sikuwapo, siwezi kukuapia. Lakini homa ilitangulia sindano. Mtoto wa sikoseli akiwa na homa, hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile. Hakustahili kurudishwa nyumbani. Ninavyoona mimi, sindano haikumuua. Alikosa mtu wa kuuliza. Na wa kuuliza tulikuwa sisi, si wewe."

Bibi akajifunika uso kwa kanga. Miaka yote alikuwa amemlilia Mugisha kwa hasira. Siku hiyo alimlilia kwa huzuni tu, na huzuni ni mzigo unaobebeka.

Akaenda kumleta Alinda. Chilongani aliuliza yote aliyosema atauliza, akapima joto, akampigia simu daktari wa hospitali ya wilaya kuhakikisha. Alinda akatoa mkono, kisha akageuka.

"Bibi, mbona ninayedungwa ni mimi na unayefumba macho ni wewe?"

Wote benchini wakacheka. Kesho yake mkono uliuma na mwili ukapata joto. Ma Kokwijuka hakungoja. Kama alivyoagizwa, alimpeleka hospitali saa ile ile akaangaliwa, na joto likapita. Baadaye walirudi kwa chanjo ya homa ya mapafu na nyingine alizokosa, moja baada ya moja.

Surua ilifika kijijini kwetu na mvua za mwanzo. Ilibisha hodi nyumba nyingi. Kwa Ma Kokwijuka haikuingia.

Katika mkutano wa kijiji, mzee Rwegoshora, mwenye mtoto wa ugonjwa wa moyo, alisimama akasema wazima wachanjwe, watoto kama wa kwake waachwe, ni mayai. Ma Kokwijuka akainuka. Hakuhutubia. Alisema tu, "Mgomba ulioelemewa uwekee mhimili, na mhimili uuwekee majani." Kwa watu wa vibanja hilo lilitosha. Nani kati yao angeegemeza mgomba usio na mkungu, auache wenye mkungu uangushwe na upepo? Rwegoshora alikaa chini akifikiri, na juma lile alimpeleka mtoto wake kwa daktari kuulizia.

Tangu hapo bibi akawa habanduki kwenye lile benchi siku za chanjo. Kila muuguzi mpya aliulizwa naye, "Homa umeiuliza?" Wakamtania kwa jina la Ma Majani, naye akaliitikia kwa furaha. Nawaambieni, si rahisi mtu kuachia hofu iliyozaliwa kaburini. Yeye aliiachia, na alipokwisha kuiachia hakumcheka aliyebaki nayo.

Ma Kokwijuka hatunaye tena. Tulipomaliza matanga yake upepo ulikuwa umeanza, na Alinda, mwanamke mzima sasa, aliingia kibanjani na mti wenye panda. Maumivu bado humjia, na kibuyu cha maji bado hakimbanduki. Jirani mmoja alimwonea huruma, akamwambia apumzike, yeye ni mgonjwa, kazi hiyo awaachie wazima.

"Mimi ni mgomba wa bibi," alijibu Alinda. "Niliegemezwa, ndiyo maana nimesimama."

Akautafuta ule ulioinama kuliko yote, akainama kwanza kuokota majani makavu.

Kwa hiyo mkiwasikia tena akina mama wa benchini, msicheke. Mgomba ulioelemewa uwekee mhimili, na mhimili uuwekee majani.