Sikudhani Aomba Likizo

Hapo zamani za kale sana, wanangu, wanyama walikuwa na nyumba za kufunga milango na vyungu vya kubandika jikoni, na waligombania kuni kama tunavyozigombania sisi. Katika mji wao mmoja, chini ya kilima cha mawe mekundu, aliishi digidigi mke aitwaye Sikudhani. Alikuwa mdogo wa mwili. Ukimtupia jicho haraka ungesema ni mtoto wa mbuzi aliyepotea, lakini akili zake zilitosha kugawia mtaa mzima na nyingine zikabaki.

Sikudhani alikuwa na mume, Mbwana, na watoto watatu. Tena alikuwa na mama. Mama yake aliishi mbali, ng'ambo ya mbuga ya simba, na tangu Sikudhani alipoolewa hawakuwa wameonana. Kila alipoinama kupuliza moto alimkumbuka. Alikumbuka mama alivyokuwa akimkuna mgongo taratibu mpaka anasinzia. Watoto walipomuuliza kwa nini analia, alisema ni moshi.

Siku moja ndege hondohondo alipita akileta salamu. Alitua juu ya paa akasema mama hajambo, ila macho yake yameanza kufifia.

"Kaniambia nikuulize," alisema hondohondo, "una nini kinachokuzuia? Anataka aione sura yako wakati bado anaona."

Akaruka zake, pururu. Sikudhani alibaki amesimama na mwiko mkononi mpaka ugali ukaungua.

Sasa, hakuna digidigi anayevuka mbuga ya simba peke yake akafika. Njia ilikuwa moja tu, kufuatana na msafara wa Jumbe Tembo. Kila mwaka kazi ya kuchimba lambo ilipokwisha, Jumbe aliwapa wafanyakazi likizo. Aliwavusha mbuga kwa ulinzi wake, mwenye kwenda kulamba chumvi aende, mwenye ndugu akawatazame, na kazi ya kila mmoja ilishikwa na mwingine mpaka arudi. Waliochimba lambo walikuwa wanaume, na walilipwa mtama. Kwa hiyo wa kwenda likizo walikuwa wanaume.

Lambo lilipokaribia kwisha, Sikudhani alijitanda kanga, akaenda barazani kwa Jumbe. Alimwamkia, akaitikiwa, akasema alichokuja kusema, kwamba anaomba likizo.

Jumbe Tembo alipiga masikio yake, pa! pa! Alidhani hakusikia vizuri.

"Likizo ya nini, mwanangu? Wewe hufanyi kazi. Uko tu nyumbani."

Bwana Nyati, msimamizi wa lambo, alikuwapo hapo akinywa togwa. Alicheka mpaka togwa ikamtoka puani. Alisema hata mkewe, Bi Tatu, yuko tu nyumbani, anakaa kutwa, na laiti yeye Nyati angepata kukaa namna hiyo japo siku moja.

Maneno hayo, wanangu, Sikudhani alikwisha kuyasikia mara nyingi, na mara zote aliyaacha yapite. Siku ile hakuweza kuyaacha yapite, kwa kuwa yalisimama kati yake na mama yake.

"Huenda ni kweli tunakaa tu," alisema kwa upole. "Mimi nitajuaje? Lakini wewe Jumbe una masikio kutushinda sote. Hebu tufunge njuga miguuni, wake kwa waume, tangu tunapoamka mpaka tunapolala. Mwenye kazi atasikika. Mwenye kukaa atanyamaza. Wewe ni kusikiliza tu."

Jumbe alipenda sana kusifiwa masikio, hasa kwa vile macho yake hayakuwa na sifa yoyote. Njuga za kila mtu zina sauti yake, alisema, na yeye angeweza kuzitambua zote huku amefumba macho. Papo hapo akaagiza bakuli moja kwa kila mtu na kikapu cha kokwa za ukwaju. Akasimamisha mti uwanjani, akapanga mawe kuuzunguka. Kila kivuli cha mti kitakapovuka jiwe, atasikiliza ni nani anayelia, ampe kokwa. Giza likiingia atakadiria mwenyewe.

Wakapatana. Bakuli za wanaume zikizidi, wanawake wasitaje likizo tena maishani. Bakuli za wanawake zikizidi, mwaka huu msafara ni wao, na waume watabaki kuwashikia kazi zao. Nyati alikubali kabla maneno hayajaisha. Alijua pia kwamba njuga zitampendeza.

Siku ya kwanza, kabla jogoo hajapata sauti, njia ya kisimani ilianza kulia. Chwe, chwe, chwe! Walikuwa wanawake. Wakarudi na maji, wakafagia, wakawasha moto, wakatwanga, na kwa kila mchi uliotua, twa! njuga nazo zilijibu.

Jua lilipopanda, wanaume wakateremka lamboni kwa kishindo kizuri. Nisiwaonee. Walichimba kwelikweli na jasho likawatoka, kwa maana lambo si mchezo. Lakini jua lilipofika utosini waliketi, wakala chakula ambacho kilifika pale chenyewe, kama walivyodhani. Wakalala kidogo, wakachimba kidogo, wakarudi mjini kucheza bao. Njuga zao zikanyamaza.

Za wanawake hazikunyamaza. Kuni, maji tena, mama mkwe mgonjwa wa kugeuzwa ubavu, mtoto wa kubembelezwa miguuni, chungu cha jioni. Jumbe alikaa kitini pake, mkonga ukienda kikapuni na kurudi, na kokwa zikianguka, tup, tup, tup.

Jioni bakuli za wanawake zilikuwa zinamwagika. Nyati akaja juu. Alisema siku moja haiamui kitu, na kwamba wanawake walikuwa wakicheza ngoma makusudi. Jumbe, ambaye alipenda amani kuliko jambo lolote, akaamuru wapimwe siku ya pili, na hiyo ndiyo itakayokata maneno.

Sikudhani alirudi nyumbani moyo umemshuka. Alijua Nyati hatakubali kushindwa mara mbili. Kesho atalala kivulini atikise mguu bure, na Jumbe atasikia kazi. Usiku kucha aliiona njia ya kwa mama ikizibwa kwa mguu wa Nyati.

Na kweli, asubuhi ya pili alipopita na mtungi wake alimkuta Nyati amejilaza, anatikisa mguu, naye amekwisha kuchoka.

"Pole, Bwana Nyati," alisema Sikudhani. "Utaweza hivyo mpaka usiku?"

Nyati alimuuliza kwa ukali kama yeye hachoki.

"Nimezoea. Na mkeo naye kazoea, miguu yake haijui kutulia. Bahati yetu nyie wanaume hamna hila. Mwenye hila angemfunga mkewe njuga zote, zake na za mkewe, akalala zake. Jumbe haoni, anasikia tu."

Hapo akajiziba mdomo kama aliyeropoka, akaondoka mbiombio, wala maji mtungini hayakutikisika.

Nyati akafikiri. Nyati akifikiri, wanangu, hata kupe wa mgongoni mwake walijua. Halafu akainuka, akaenda nyumbani, akamkuta Bi Tatu anatwanga. Alimwambia njuga zinamwasha, amshikie. Bi Tatu hakuuliza neno, alinyoosha mguu. Alikuwa amezoea kushikishwa vitu.

Adhuhuri haikufika kabla hila hiyo haijazunguka lambo zima kwa minong'ono. Mume mmoja baada ya mwingine alipita nyumbani kwake mara moja, akarudi lamboni akitembea bila mlio.

Sikudhani alikuwa amechutama mekoni aliposikia hatua za mumewe mlangoni. Mtego alikuwa amemtegea Nyati. Kwa Mbwana alikuwa na tumaini dogo. Walioana kwa kupendana, na zamani, kabla ya watoto, Mbwana alikuwa akimngoja kisimani ampokee mtungi. Alitamani apite tu. Alitamani asimame hapo aseme lolote jingine.

"Mama watoto," alisema Mbwana, "hebu nishikie hizi kidogo."

Sikudhani alinyoosha mguu bila kumtazama. Mbwana alizifunga polepole asimwumize, akashukuru, akaenda zake. Hila ilikuwa imefaulu kuliko alivyopanga, na Sikudhani aligeukia moto akalia, na safari hii hakukuwa na moshi.

Kesho yake mji mzima ulikusanyika barazani, njuga zikiwa bado miguuni, maana amri ilikuwa zisifunguliwe kabla ya hukumu. Nyati hakuwa na wasiwasi kwamba zake ziko kwa mkewe, kwa kuwa alikusudia kukaa tu. Bi Tatu mwenyewe alikuwa nyuma ya baraza, anaosha masufuria ya chakula cha wageni.

Jumbe Tembo alikuwa na furaha isiyo na kifani. Alisema tangu azaliwe hajapata kusikia wanaume wakifanya kazi kama jana. Nyati alikuwa kisimani, Nyati alikuwa kwenye kinu, Nyati alibembeleza mtoto mpaka usiku! Na wenzake vilevile. Akazitazama bakuli kwa karibu sana, pua ikigusa kokwa. Aliziona sawasawa, za mke na za mume.

Nyati akasema, "Basi hakuna aliyemshinda mwenzake, Jumbe. Mambo yaende kama kawaida. Safari ni yetu."

Jumbe akaanza kuitikia kwa kichwa. Wanawake wakainama. Sikudhani alijaribu kuikumbuka sura ya mama yake, kwa hofu ile haikuja. Akasimama hivyo hivyo.

"Nimekubali, Jumbe," alisema. "Naomba kitu kimoja tu. Bwana Nyati amefanya kazi nyingi mno. Mwite aje mbele umpe mkono."

Jumbe aliona ni adabu nzuri. Akamwita. Nyati akatazama kushoto, akatazama kulia, akainuka. Akatembea. Kwato zilisikika, gu, gu, gu, na zaidi ya kwato hapakusikika kitu.

Masikio ya Jumbe yalisimama wima.

"Nani huyo anayekuja?"

"Ni mimi, Jumbe. Nyati."

"Siyo," alisema Jumbe polepole. "Nyati ninayemfahamu mimi yuko kule nyuma, anaosha masufuria."

Baraza lote likawa kimya, na katika kimya hicho wakazisikia wote, chwe, chwe, chwe, kutoka nyuma. Jumbe akaagiza huyo Nyati wa nyuma aletwe. Akaja Bi Tatu, mikono inachuruzika maji, njuga zimempanda hadi gotini, akiuliza kama chakula kimechelewa.

Hapo kicheko kilipasuka. Kabla hakijaisha, Mbwana alitoka katikati ya wanaume bila kuitwa na mtu. Alisimama mbele ya Jumbe.

"Na zangu ziko kwa mke wangu," alisema. "Tangu jana. Kokwa za jana nilizopewa mimi, ni zake."

Kisha akainama mbele ya watu wote, akazifungua njuga zake kwenye mguu wa Sikudhani, akazivaa. Baada yake waume wengine walifuata, mmoja mmoja, vichwa chini. Nyati alikuwa wa mwisho, na za Nyati alizifunga Bi Tatu kwa mkono wake, akazikaza vizuri.

Jumbe Tembo alizimimina kokwa za waume katika bakuli za wake, mpaka kokwa zikatapakaa chini. Halafu akasema amekaa kwenye baraza ile miaka yote akisikia ile milio ya alfajiri, na siku zote alidhani ni mji tu unaamka.

Msafara uliondoka keshokutwa yake. Wanawake walicheka njia nzima kama wasichana, na nyuma yao, kwa mbali, walisikia michi ya waume wao ikipiga kando ya vinu. Sikudhani hakucheka sana. Aliogopa amechelewa.

Alimkuta mama yake amekaa mlangoni, uso ameuelekeza njiani. Alikuwa amezeeka kuliko alivyokuwa akimwona mawazoni. Sikudhani alimwamkia, na mama akaijua sauti. Alimvuta karibu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga, akautazama upande huu na upande huu, karibu kabisa, kama mtu anayetia uzi katika sindano.

"Umekonda," alisema mama.

Kwa mazoea Sikudhani alikuwa amekwisha kushika ufagio, maana uwanja ulikuwa haujafagiliwa. Mama aliuchukua akauweka nyuma ya mlango.

"Kaa," alimwambia. "Nani kakwambia umekuja kufanya kazi?"

Sikudhani akakaa, akalaza kichwa pajani kwa mama yake, na mama akaanza kumkuna mgongo taratibu.

Basi, wanangu, kazi ya nyumbani ni kazi hata kama hailipwi, na anayeifanya anachoka kama mwingine yeyote. Na kisa changu kimetua hapo. Mwenye vyombo vya kuosha leo ainuke, na safari hii wavulana ndio waanze.