Pimbi na Unyayo wa Mama Tembo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majumba yao, wakipika, wakioana na kugombana kama sisi, palikuwa na mama mmoja akiitwa Bibi Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mnene mnene wa kwenye majabali, hana mkia. Wewe unayetafuna ukoko, tafuna polepole, nataka wenzako wasikie.

Basi mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali. Mabwawa yote yakakauka, likabaki moja tu chini ya majabali. Wanyama wakawekeana mila: ukimkamata mtu bwawani, usimle kabla hujamuuliza ukoo wake. Akiwa na jamaa mkubwa, mwachie, maana koo mbili zikipigana maji yatachafuka, na maji yenyewe ndiyo hayo hayo. Asiye na jamaa, basi hiyo ni riziki yako.

Siku moja Bibi Pimbi alikuwa akiosha vyungu. Mara akasikia, "Wiii! Mama, nakufa!"

Kugeuka, lahaula! Bwana Chui amemkandamiza Chepe, kitindamimba wake, chini ya mguu.

"Bwana Chui! Mila!" Bibi Pimbi akapiga kelele.

"Mila naijua," akasema Chui, mate yanamtoka. "Haya, mwana wa ukoo gani huyu? Wa Panya? Mkia uko wapi? Wa Sungura? Masikio yako wapi? Nyinyi hamna mkia, hamna masikio ya maana, na ukoo hamna. Ni mnofu tu."

Fisi, aliyekuwa akinywa maji pembeni, akacheka mpaka akapaliwa. "Kweli kabisa! Bwana Chui, nisazie mifupa."

Maskini mama wa watu! Hakuwa na jamaa yeyote mkubwa, na alijua hivyo. Lakini mwenye mtoto chini ya mguu wa chui hana nafasi ya kulia. Akatupa macho huku na huku, akamwona Paka Mwitu anaramba maji upande wa pili.

"Bwana Chui, nikuulize kabla hujala. Yule pale ni nani wako?"

"Mpwa wangu."

"Yule? Mpwa wako? Toka hapa! Mkia wako peke yake unamzidi yeye mzima. Unajisingizia udugu!"

Ebo! Chui akapandwa na hasira. Kuambiwa muongo mbele ya watu?

"Mjinga wewe! Ukoo unatazamwa kwa kimo? Ukoo ni maumbile! Mpwa, njoo! Onyesha makucha!" Paka Mwitu akayachomoa, chwa! akayarudisha. Chui naye, chwa! akayarudisha. "Umeona? Tazama na ulimi, unaparuza kama wangu. Tazama meno. Mguu kwa mguu, jino kwa jino, sisi ni damu moja. Kimo si kitu!"

"Jamani, mmesikia?" akauliza Bibi Pimbi.

"Tumesikia!" wakajibu Ngiri na Pundamilia. "Kimo si kitu."

"Vizuri. Basi mimi ni wa ukoo wa Tembo."

Kwa! kwa! kwa! Bwawa zima likaangua kicheko. Fisi akagaagaa kwenye tope akishika mbavu. Bibi Pimbi akakaza uso. Kumbe alimtaja Tembo kwa sababu alijua yuko mbali, ng'ambo ya mto uliokauka, hawezi kuja kumkana.

Mara ardhi ikatikisika. Gu! Gu! Gu! Miti ikapasuka, akatokea Mama Tembo na kiu yake.

Yarabi! Moyo wa Bibi Pimbi ukamwanguka pu.

"Afadhali umekuja," akasema Chui. "Huyu mfupi anasema ni ndugu yako."

Mama Tembo akamtazama Bibi Pimbi juu chini. Bibi Pimbi akaitazama miguu ya Tembo, kisha yake.

"Shangazi," akasema Bibi Pimbi, "kanyaga hapa topeni. Nami nakanyaga kando yako. Fisi ana macho, atazame."

Tembo akakanyaga, dii! Pimbi akakanyaga, ti. Fisi akainama, pua chini, akalinganisha unyayo kwa unyayo. Kicheko chote kikamwisha.

"Ala! Bwana Chui, njoo uone. Unyayo laini kama wa Tembo. Vidole havina makucha, vina kucha butu, kama za Tembo. Mmoja mkubwa, mwingine mdogo, lakini mguu ni ule ule!"

"Uongo!" akanguruma Chui. "Huu ukucha mmoja wa nyuma mbona umechongoka?"

"Huo wa kujikunia, Bwana Chui. Kila ukoo una kichaa wake."

"Na pembe za ndovu ziko wapi?"

Bibi Pimbi akapandisha mdomo. Meno mawili ya juu yametokeza, marefu, yamechongoka. "Hizi hapa. Hazikomi kuota."

Mama Tembo akasogea. Kwa mara ya kwanza akafungua kinywa. "Mwanangu, watoto wako unawanyonyeshea wapi?"

"Hapa, shangazi, karibu na kwapa."

"Na mimi ni hapa hapa, kifuani, katikati ya mikono." Mama Tembo akamgeukia Chui. "Mguu kwa mguu, jino kwa jino. Si ndivyo ulivyosema?"

Chui akatazama kushoto, akatazama kulia. Watu wote wanamtazama yeye. Akainua mguu.

Puru! Chepe akachomoka mpaka kifuani kwa mama yake. Bibi Pimbi akamkumbatia, akamramba, akacheka na kulia kwa pamoja. Oo, watoto wangu, mzigo uliomtoka siku ile hauna mizani! Chui akaondoka na njaa yake, Fisi nyuma yake akiuliza kama hakuna hata kamfupa.

Watu walipotawanyika, Bibi Pimbi akamsogelea Mama Tembo, macho chini.

"Shangazi, nisamehe. Nilidanganya. Nilitaka tu mwanangu apone."

Mama Tembo akamwekea mkonga begani, taratibu asije akamwangusha.

"Ulidhani unadanganya," akasema. "Bibi yangu alituambia tuna ndugu wadogo, waliopotelea majabalini siku nyingi. Nimewatafuta kwa kuangalia juu juu, kumbe ningeangalia chini. Haya, nipe huyo mjukuu nimbebe."

Chepe akapandishwa juu ya kichwa cha Tembo, akaliona bwawa lote, na Chui kule mbali, kadogo.

Yangu yameishia hapo topeni, mwenye ulimi na aongeze ya kwake. Udugu haupimwi kwa kimo.