Ukuta Usiokauka

Hapo zamani, katika zama ambazo wafalme walikuwa wengi kuliko vyoo, palikuwa na mji uitwao Kitangale, na mjini humo alitawala Sultani Zahran. Hakuwa mtu mbaya Sultani huyo, ila alipenda vitu. Alikuwa na wachukua miavuli arobaini, na jua la Kitangale ni moja. Alikuwa na birika la marashi lililobubujika mchana kutwa uani kwake, na hakuna aliyeoga humo illa kunguru. Basi ikawa kila kodi iliyoingia kwa mlango wa hazina ikatoka kwa mlango huo huo kabla haijapata kukaa, hata siku moja mtunza hazina akafagia sakafu, akakusanya vumbi, akaliandika vumbi katika daftari ili ukurasa usibaki mtupu.

Sultani akamwita Waziri wake, Mundhir, mtu wa mikono mipana ya joho na ushauri mwingi.

"Seyyid," akasema Waziri, "njia ni mbili. Ama tuwaongezee watu kodi, ama tufunge chuo, tuiokoe posho ya walimu."

"Njia zote mbili zimefungwa," akajibu Sultani. "Mama yangu alipokuwa katika kukata roho alinishika mkono huu, nami nikamwapia kuwa sitawaongezea watu kodi wala sitafunga chuo. Nawe wajua, mama yangu alisoma hapo."

Waziri akafikiri kidogo. "Kiapo cha Seyyid hakivunjwi. Walakini kiapo hakikumkataza mtu mwingine kushindwa. Na ipigwe mbiu: mwenye kuweza kuiziba hazina isivuje tena, pasipo kuongeza kodi wala kufunga chuo, na ajitokeze. Akishindwa, ama asipopatikana mtu, chuo kitafungwa kwa kosa la watu, si kwa amri yako."

Maneno hayo yakampendeza sana Sultani, maana yalimwachia miavuli yake.

Basi upande wa pili wa mji, kwenye vibanda vya udongo, alikaa mtu mmoja jina lake Vuai. Kazi yake ilikuwa kukandika nyumba za watu, na nyumba aliyoikandika haikuvuja, lakini wenye nyumba za udongo hulipa kwa ahadi, kwa hiyo Vuai alikuwa tajiri wa ahadi. Na mtu huyu, mwenye ndevu zenye mvi, kila asubuhi alikwenda chuoni akaketi mkekani pamoja na watoto wa miaka saba, akajifunza herufi. Akikosea, Maalim Kheri alimchapa sawasawa na wenzake.

Sababu ilikuwa barua. Binti yake wa pekee, Mwanasha, aliyesoma chuoni hapo hapo, aliolewa mji wa mbali, na kutoka huko alimletea baba yake barua. Masika mbili zilikuwa zimepita, na barua ilikuwa bado imekunjwa katika upindo wa kikoi cha Vuai.

"Mpe Maalim akusomee, mume wangu," mkewe, Bi Mize, alimwambia kila Ijumaa.

"Barua hii ameandikiwa baba. Hakuandikiwa Maalim."

"Wajuaje, nawe hujaisoma?"

"Neno la kwanza nimelisoma. Ni be, alif, be, alif. Hizo nilizimaliza mwaka jana."

Bi Mize moyo ulimuuma kwa ajili ya mwanawe, lakini mume mwenye kichwa kigumu huvumiliwa tu. Na Vuai alikuwa amekwisha fika kwenye kafu. Zilibaki herufi sita.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Siku ile mpiga mbiu alipita vibandani akipaza sauti: "Enyi watu! Hazina ya Sultani inavuja! Mwenye kuweza kuiziba, na ajitokeze! Asipopatikana, chuo kitafungwa baada ya siku saba!"

Vuai alikuwa anatafuna muhogo. Aliposikia chuo kitafungwa, muhogo ukamkwama. Aliwaza herufi zake sita, na macho yakamjaa machozi mbele ya watu, asione haya. Kisha akaosha mikono, akachukua ndoo na mwiko wake wa kukandikia, akashika njia ya ikulu.

"Waenda wapi?" akauliza Bi Mize.

"Pamevuja mahali."

Alipofikishwa mbele ya kiti cha enzi, watu wa barazani wakamtazama yeye, wakaitazama na ndoo.

"Wewe u nani?" akauliza Sultani.

"Mkandikaji, Seyyid."

"Wajua hazina ni kitu gani?"

"Sijui, Seyyid. Najua kuvuja."

Waziri Mundhir akatabasamu ndani ya ndevu zake, akainama sikioni kwa bwana wake, akamnong'oneza kwamba mtu wa kushindwa amekwisha patikana, wala hawatapata aliye bora kuliko huyu. Sultani akasema, "Basi unazo siku saba. Ukiweza, omba utakalo. Ukishindwa, chuo kitafungwa, na wewe utatolewa mjini kwa bakora."

"Nimekubali," akasema Vuai. "Illa ufundi una sharti lake, Seyyid. Kazi yangu haiguswi wala haivunjwi mpaka ikauke, na fundi ndiye asemaye kuwa imekauka. Niapie hilo."

Sultani akaapa mbele ya watu wote, maana kuapa kuhusu udongo aliona si kitu.

Basi siku ya kwanza Vuai akapanda juu ya dari la hazina, akamwaga ndoo kumi za maji, akashuka akatazama ndani. Pakavu. Siku ya pili akazipapasa kuta shubiri kwa shubiri. Nzima. Mtunza hazina akamhurumia akamwambia, "Ndugu yangu, wakubwa wanaposema inavuja, wanasema kwa mfano tu." Vuai akajibu kuwa yeye hajapata kuona mfano ukimaliza fedha, akaendelea kupapasa.

Siku ya tatu, ya nne na ya tano akakaa kitako mbele ya mlango, akatazama. Akaona gunia la fedha linatoka kwa ajili ya marashi. Akaona jingine linatoka kwa ajili ya miavuli. Akamwona Waziri Mundhir akiingia na mikono ya joho iliyolegea kisha akitoka na mikono ya joho iliyojaa, akitembea kwa uangalifu. Jioni ya siku ya tano Vuai akasimama akajipangusa vumbi.

"Nimepaona panapovuja," akasema. "Ni hapa mlangoni."

Akang'oa mlango. Akaleta mawe na chokaa, akajenga ukuta mnene toka kizingitini hata juu, akaupiga mwiko ukawa laini. Katikati akaacha tundu moja. Na kabla ya kulizungushia chokaa alimwita Maalim Kheri, akamwambia autie humo mkono wake, akalipima tundu kwa mkono huo, ambao njaa ilikuwa imeupunguza. Nyuma ya ukuta, chini ya tundu, alikuwa ameliegesha kasha la fedha za kodi zilizoingia juma lile.

Siku ya saba Sultani akaja na watu wake wote na miavuli yao. Akautazama ukuta kwa muda mrefu.

"Mlango uko wapi?"

"Ndio uliokuwa ukivuja, Seyyid. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba ufa na ukuta nimejenga, wahenga wasije wakanidai."

Waziri akapiga kelele. "Mjinga huyu! Watu watalipwaje?"

"Kwa tundu hili. Maalim, twaa posho yako."

Maalim Kheri akatia mkono, akashika sarafu tano kwa ncha za vidole, akautoa mkono. Wakaja askari, wakatwaa tano tano, wakatoka. Hakuna aliyekwama. Hapo Waziri akasema upuuzi huu atauonyesha mwenyewe, akakunja joho, akatia mkono. Ndani, vidole vyake vikafanya vilivyozoea kufanya. Akavuta, mkono haukuja. Akavuta tena, kilemba kikaanguka.

"Nimenaswa!" akalia. "Vunjeni ukuta!"

"Haujakauka," akasema Vuai. "Seyyid ameapa."

"Nitafanyaje?"

"Achilia ulichoshika, Bwana Waziri. Mkono mtupu hutoka."

Waziri akasema hajashika kitu. Akasema hivyo hata adhuhuri, na watu wakaenda kuswali wakarudi wakamkuta anasema hivyo. Alasiri ilipokaribia, zikasikika sarafu zikianguka ndani ya kasha, nyingi, na Waziri akautoa mkono wake, akaokota kilemba, asimtazame mtu. Sultani alicheka hata akashikwa na kwikwi.

"Sasa wewe, Seyyid," akasema Vuai.

Kicheko kikakatika. Sultani akavua pete zake nane, akatia mkono, na kwa kuwa fedha ilikuwa yake na mikono ilikuwa yake, akachota kama mwenye mali. Akavuta. Mkono haukuja. Watu wakatazama chini. Wachukua miavuli arobaini hawakujua wamkinge nani.

Vuai akamsogelea akasema taratibu, "Fungua mkono, mwanangu." Akainama upesi. "Niwie radhi, Seyyid. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia binti yangu alipotia mkono kwenye mtungi wa tende."

Sultani akaacha kuvuta. Maana mama yake naye alikuwa na mtungi wa tende, na maneno yake yalikuwa hayo hayo. Akasimama pale, mkono ukutani, mtu mzima mwenye ndevu, na machozi yakamtoka. Kisha akafungua mkono, akautoa, akautazama. Ukawa mwepesi kuliko alivyoukumbuka. Ndipo akacheka kicheko kingine, kicheko cha mtu aliyejifumania mwenyewe.

Basi ikawa tangu siku ile kodi iliingia kwa tundu, na malipo yakatoka kwa tundu, kadiri ya vidole. Muuza marashi alikuja kudai gunia lake, akaambiwa achote. Alipofika mchoto wa kumi na moja akaona ni heri akawauzie watu wanaooga. Wachukua miavuli thelathini na tisa wakapata kazi nyingine. Mwaka ulipogeuka kasha lilikuwa limejaa hata tundu likabana, na hakuna aliyeongezewa kodi hata senti, na chuo kikapata mkeka mpya. Kila juma Waziri Mundhir aliuliza kama ukuta umekauka, na Vuai, aliyeunyunyizia maji kila alfajiri, akamjibu, "Bado mbichi, Bwana Waziri."

"Hukuomba zawadi yako," Sultani akamwambia.

"Naomba herufi sita, Seyyid. Lamu mpaka ye. Na Maalim asiondolewe mpaka nizimalize."

Akapewa. Na siku alipoimaliza ye, Vuai akaenda nyumbani, akaketi na Bi Mize mlangoni, akaikunjua barua, akaisoma herufi kwa herufi, kidole kikifuata:

"Baba, shikamoo. Mimi mzima. Nyumba tuliyopewa inavuja masika yote, na fundi wa huku simwamini. Njoo."

Bi Mize akamtazama mumewe. Masika tatu sasa. Jicho hilo lilimuuma Vuai kuliko matusi.

Akachukua mwiko. Akapita ikulu, akamkuta Sultani Zahran amesimama mbele ya ukuta bila mwavuli, akamkabidhi ndoo, akamwambia, "Kila alfajiri, Seyyid, usisahau." Kisha yeye na mkewe wakashika njia, wakienda mbio mbio kama watu walioitwa jana.

Hadithi imefika ukingoni. Na ukuta ule wa Kitangale, wasema, mpaka leo ni mbichi. Asiyeamini na aende akauguse.