Mwenye Neno Hashiki Kamba

Mwenye neno hashiki kamba, wala haulizwi.

Mmemsikia mjomba wenu akiisema leo barazani, alipotakiwa awapatanishe wale ndugu wawili wanaogombania mpaka wa shamba. Akasema hivyo, akachukua kofia yake, akaenda zake, na hakuna mzee hata mmoja aliyemfuata kumwuliza kulikoni. Nyinyi mkaanza kunong'onezana kwamba mjomba kaogopa. Hakuogopa. Kaeni vizuri basi, na wewe mwenye simu iweke mfukoni, maana mimi sizungumzi na utosi wa mtu. Nusu ya kwanza ya methali hiyo hata mtoto anaielewa. Ni hiyo nusu ya pili, "wala haulizwi," iliyonunuliwa kwa mguu wa mtu.

Methali hii ilianza hivi.

Kwamgunda ya wakati huo haikuwa na bomba wala tangi. Maji yalikuwa chini sana, pima kumi, pima kumi na mbili, na wanaume wa hapa walisifika kote kwa kuchimba visima. Mmoja hushuka na sururu, amefungwa kamba kiunoni. Mwenzake hubaki juu ameishika kamba ile, imezungushwa mara moja kwenye gogo lililolazwa juu ya mdomo wa kisima. Wengine huvuta makapu ya udongo kwa kamba nyingine, lakini kamba ya mtu ilishikwa na mtu mmoja tu, na mpaka kazi iishe siku hiyo haikubadilisha mikono. Aliye chini akiivuta mara moja, alegezewe. Akiivuta mara tatu, apandishwe. Roho yake imo viganjani mwa mwenzake, na mwenzake huyo hata uso hamwoni.

Kwa hiyo walikuwa na desturi. Kabla ya kushuka, mchimbaji humtazama mshika kamba machoni, akamwuliza mbele ya watu wote, "Una neno nami?" Kama moyo wake ni safi, hujibu, "Sina." Kama ana kinyongo husema, "Ninalo," na kamba huwekwa chini. Hapo ndipo wazee walipokuwa wakikosea, ingawa walidhani wanafanya busara. Aliyesema "Ninalo" alikalishwa pale pale na kutakiwa alitoe neno lake lote hadharani, lisikilizwe, liamuliwe, kazi iendelee.

Sasa, babu yangu mzaa baba aliitwa Kibwana, na alikuwa mshika kamba hodari. Mchimbaji wake alikuwa Semhando, jirani yake, rafiki yake tangu wakichunga mbuzi. Visima tisa walichimba pamoja, na kila asubuhi swali liliulizwa na jibu likawa lile lile, mpaka likawa kama salamu.

Kibwana alikuwa na binti, Mwanamvua, shangazi yangu. Shangazi alikuwa na kifafa. Kilimwangusha mara mbili tu ujanani mwake, lakini watu wa siku hizo, mtu akiwa na kifafa walimkimbia hata kivuli. Mara ya pili kilimwangusha njiani, na aliyemkuta na kumbeba mpaka nyumbani ni Semhando. Kibwana alimwomba, tena alimwapisha, kwamba hilo litazikwa kifuani mwake. Semhando akaapa. Msinitazame hivyo, siri ya mtu siitoi ovyo. Shangazi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akiwa bibi wa wajukuu saba, na akaniambia niiseme kwa yeyote atakayefaidika nayo.

Basi Mwanamvua akaja kuposwa na watu wa kijiji cha pili. Nguo zilikwisha kushonwa. Mara posa ikarudishwa, kwa maneno ya kuzungukazunguka, na binti akajifungia chumbani siku tatu, hali, hanywi. Asubuhi ya siku ya nne, Kibwana akiwa ameshatia kamba begani kwenda kazini, shemeji yake akamvuta kando ya ua akamwambia lililotokea. Mjomba wa bwana harusi alimwuliza Semhando kuhusu binti, na Semhando akasema.

Kibwana aliikaza kamba begani. Alitembea mpaka kisimani. Watu walikuwepo, kina mama wamekaa na ndoo tupu, kwa sababu ukame ulikuwa mkali na kisima kile kilitazamiwa kutoa maji siku yoyote. Semhando akajifunga kamba, akamkabili.

"Una neno nami?"

Kibwana aliangalia zile nyuso zote. Akisema "Ninalo," ataambiwa alitoe. Akilitoa, kifafa cha mwanawe kitajulikana Kwamgunda nzima kabla jua halijafika utosini, na hakutakuwa tena na wa kumposa. Akasema, "Sina." Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na Semhando akashuka.

Mpaka karibu na adhuhuri hapakuwa na tatizo. Kisha wale wavuta makapu wakaenda kukata miti ya kuzuia kingo, kwa kuwa Semhando alipiga kelele kwamba amefika kwenye mchanga. Kina mama nao walisogea mbali kutafuta kivuli. Kibwana akabaki peke yake na kamba.

Ghafla akasikia kutoka chini, "Maji! Kibwana, maji!" Sauti ilikuwa ya furaha. Halafu kamba ikatikisika mara tatu, upesi upesi, na sauti ya pili haikuwa na furaha. Maji yalikuwa yamepasuka na kuingia kwa nguvu, yakiumega mchanga wa kingo, na yale mashimo ya kukanyagia ukutani yalikuwa yakibomoka. Bila kuvutwa, Semhando asingeweza kupanda hata hatua moja.

Mikono ya Kibwana haikwenda.

Sikilizeni hapa vizuri. Mnadhani uovu ulimjia ukamwambia, iachie kamba, muue mwenzako? Angeshtuka. Angeulaani palepale na kuvuta. Haukusema hivyo. Ulimwambia, pumzika kidogo. Ulimwambia, hujafanya jambo lolote, kamba bado umeishika, nani atakulaumu? Kamba huteleza. Mchanga ni kazi ya Mungu. Mwanao leo ni siku ya nne hali chakula, huyu jana kala na kashiba. Hesabu mpaka kumi tu, kisha uvute. Na Kibwana, mtu wa sala tano, mtu ambaye hajawahi kumpiga hata mbwa wa jirani, akajikuta anahesabu.

Alipofika sita aliona mikono yake mwenyewe. Alikuwa akisema baadaye kwamba ilikuwa kama mikono ya mtu mwingine iliyolazwa mapajani pake. Upande mmoja wa moyo wake ulilia, vuta, yule ni Semhando, alikubebea mwanao. Upande wa pili ukajibu, na ndiye aliyemuuza. Upande wa kwanza ukasema, ana watoto. Wa pili ukasema, na wewe je, huna? Jasho lilimtoka mpaka likamwingia machoni. Alitaka kuvuta, wallahi alitaka, na alitaka pia asivute, na yote mawili aliyataka kwa nguvu zile zile.

"Kibwana, upo?" sauti ikapanda.

"Nipo."

Jibu hilo lilimtisha Semhando kuliko maji. Angekuwa hayupo, ni ajali. Kumbe yupo.

"Vuta basi. Yamefika kiunoni."

Kibwana akainama juu ya mdomo wa kisima, akasema neno ambalo lilipaswa kusemwa asubuhi. "Semhando, ninalo neno."

Kilichosikika ni mchanga ukianguka majini, vipande vipande.

"La Mwanamvua," Semhando akasema.

"La Mwanamvua."

"Nilisema mimi. Waliniuliza, nikajiona mkweli nisiyeweza kudanganya watu. Nilikuapia kisha nikasema. Sina la kujitetea, ndugu yangu." Akakohoa maji. "Kamba unayo wewe."

Hakulia wala hakuomba. Babu alikuwa akisema, mpaka anazeeka, kwamba hajui angefanya nini kama Semhando angekana. Hilo hakutaka kujidanganya nalo. Lakini pia alisema kwamba si kule kukiri kwa Semhando kulikomfungua mikono. Ni lile neno lenyewe. Lilipotoka kinywani, mikono ikawa yake tena, na kitu cha kwanza alichokifanya nayo ni kuvuta.

Alivuta kwa mikono, kwa mgongo, kwa meno. Kamba iliyolowa ikamchuna viganja mpaka nyama. Ukingo mzima ukaporomoka kule chini, ukamkamata Semhando mguu wa kushoto, na Kibwana akasikia ukelele wake, hakuacha, akavuta mpaka kile kilichokuwa kimenasa kikanasuka. Alipomfikisha juu, wote wawili walilala kwenye udongo wakihema, na mguu wa Semhando ulikuwa umepinda pale ambapo mguu haupindi.

Watu wakaja mbio. Walipochungulia kisimani na kuona maji yakimeta, vigelegele vikapigwa. Walipoona viganja vya Kibwana vinachuruzika damu, wakamwinua juu. Wakamwita shujaa. Mzee Shekalaghe, mkuu wa wachimbaji, akamshika mabega na kusema kwamba mshika kamba wa namna hii hajazaliwa mwingine.

Hapo vita ikaanza upya moyoni mwake, na safari hii uovu ulikuja umevaa kanzu nyeupe. Nyamaza tu, ulimwambia. Umemwokoa, si kweli? Kina mama hawa wana furaha, usiwaharibie siku. Semhando alikuwa amelala chini akimtazama, na midomo ameifumba. Asingesema kitu. Kibwana alilijua hilo waziwazi, na ndilo lililomwumiza.

"Niwekeni chini," akasema. "Aliponiuliza asubuhi nilikuwa na neno, nikasema sina. Alipotikisa kamba mara tatu nilisikia, na sikuvuta. Mguu ule nimeuvunja mimi."

Mzee Shekalaghe akamwachia mabega. Akamwuliza, kwa taratibu zao, ni neno gani hilo lililomfanya acheze na roho ya mtu. Alitoe, mbele ya wote, lisikilizwe.

Kibwana alifumbua kinywa, akakifumba. Aibu yake mwenyewe alikuwa ameitoa hadharani bila kupunguza. Lakini hii haikuwa yake, ilikuwa ya binti aliyejifungia chumbani. Akatikisa kichwa. Mzee akauliza mara ya pili, kwa ukali, na watu wakaanza kuguna, kwa maana mtu aliyekiri kosa kama lile kisha akakataa kujibu alistahili kufukuzwa kijijini.

"Asiulizwe," ilisema sauti kutoka chini.

Ni Semhando, kajiinua kwa viwiko, uso umemkunjamana kwa maumivu.

"Wewe nyamaza, unaumwa," Mzee Shekalaghe akamwambia. "Haki tunayoitafuta ni yako."

"Kama ni yangu, basi naisema mimi. Asiulizwe, na mimi nisiulizwe. Nilikwisha kulifumbua jambo hili mara moja, na sitalifumbua tena mpaka naingia kaburini." Akavuta pumzi, akawatazama wazee mmoja mmoja. "Asubuhi alitaka kuiweka kamba chini. Nilimwona akisita, nikadhani ni usingizi. Lakini alijua akiiweka mtamkalisha hapa na kumfunua yeye na nyumba yake. Angejua kwamba haulizwi, angeiweka, mwingine angeishika, na mguu wangu ungekuwa mzima. Yeye kauvunja. Na nyinyi mmeuvunja. Na mimi nimeuvunja kabla yenu."

Mzee Shekalaghe aliinama, akaiokota ile kamba iliyotapakaa damu, akaikunja mikononi mwake mwenyewe. Akasema kwamba kuanzia siku hiyo, katika visima vyote vya Kwamgunda, mshika kamba akisema "Ninalo" ataweka kamba chini na kwenda zake, na atakayemfuata kumwuliza ndiye mwenye kosa.

Semhando alichechemea maisha yake yote na hakushuka kisimani tena. Kibwana naye hakushika kamba tena. Hakuna aliyemkataza. Alisema tu kwamba alikwisha kuuona moyo wake ulivyo, na kwamba mtu mwema si yule asiyekuwa na neno. Ni yule anayeijua saa ya kuiweka kamba chini. Ikafika wakati watu wakawa wanaitumia kauli ile hata pasipokuwa na kisima: anayetakiwa kuhukumu kesi ya adui yake, anayetakiwa kumwuguza aliyemdhulumu, mkunga aliyeitwa kwa mke mwenza. Kila mwenye kuona kwamba roho ya mtu inataka kutiwa viganjani mwake, na viganja vyake siku hiyo si vya kuaminika.

Mwenye neno hashiki kamba. Wala haulizwi.