Bakuli Lililomruka Yakuti

Wanasimulia waliotutangulia, nami nakupa bila kutia chumvi hata punje, kwamba katika mji wa Kufa, kule Iraki, palikuwa na darasa la wacha Mungu. Kila baada ya sala ya alasiri walizungusha bakuli moja la maziwa, kuanzia kulia. Mtu anakunywa, anampa jirani yake. Watu wa adabu hao, si kama sisi tunaogombania sambusa za maulidi!

Humo alikuwamo Yakuti, Mhabeshi aliyeachwa huru, msomaji wa Kurani mwenye sauti ya kuliza watu. Kila bakuli lilipomkaribia, jirani yake alinyoosha mkono na kulipitisha mbele ya pua yake, likaenda kwa mtu wa pili. Siku moja akamwambia sahibu yake Farukhi, Mwajemi:

"Ndugu yangu, huoni ninavyorukwa?"

"Maziwa tu hayo, Yakuti! Hapa hakuna Mhabeshi wala Mwajemi, sote waumini. Unatafuta chawa kwenye kipara."

"Basi niulizie wewe. Nikiuliza mimi watasema nalilia maziwa. Usiponiulizia, sina tena pa kukaa humu."

Farukhi akacheka, akampiga begani, asiulize. Yakuti hakuja tena. Wenzake wakasema labda ana udhuru.

Haukupita muda akaja mgeni, Mahyari, Mwajemi naye. Bakuli likamruka. Lahaula! Farukhi aliinuka kama aliyekalia kaa la moto: "Mmemdharau kwa kuwa ni Mwajemi!"

Mgeni akamvuta kanzu. "Kaa, ndugu yangu. Nimefunga. Nimewaambia mwenyewe."

Darasa zima likaangua kicheko. "Mashallah, Farukhi ana macho ya kipanga!"

Farukhi hakucheka. Macho hayo yalikuwa wapi siku zote zile? Kwa mtu wa kwao ameona dharau isiyokuwapo; kwa Yakuti hakuiona ile aliyoitazama kila alasiri. Akatoka mbio, akalia mlangoni kwa Mhabeshi yule: "Nisamehe. Nimeona."

"Nimekusamehe kwa ajili ya Allah," akajibu Yakuti. "Lakini nilikuambia mimi, hukusikia, mpaka ulipodhani amerukwa wa kwenu. Huko sirudi."

Hakurudi mpaka alipofariki, na darasa lile halikupata tena msomaji mfano wake.

Nawe bingwa wa kusema "sisi sote ndugu", maneno matamu hayo, usiyafanye shuka la kujifunika uso. Ndugu akikwambia ameumia, msadiki kabla hajanyamaza. Radhi huweza kupatikana. Mtu aliyekwisha kuondoka moyoni, harudi kwa machozi. Mola atufumbue macho mapema.