Jogoo Mwekundu na Jenereta Iliyolala

Hapo zamani, si zamani ya mababu, zamani hii ya juzijuzi ambayo hata wewe unayejifanya kijana ulikuwapo, kideri kilipita katika kijiji kimoja cha milimani kikafagia kuku. Walisalia matetea sita na jogoo mmoja mwekundu. Viotani yalibaki mayai mia mbili ya kuchi, wale kuku warefu wa kienyeji. Yakiharibika hayo, mbegu imekwisha.

Sekela, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, ndiye aliyesema yaingizwe kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga, iliyokuwa ukumbini mwao. Mama mkwe wake akacheka mpaka ugoro ukamwagika.

"Mwanangu, tangu lini sanduku likawa mama?"

Sekela aliona aibu, na aibu ikampa kiburi. Mashine ilitaka umeme siku ishirini na moja bila kukatika. Akamwinua jogoo wake, yule mwekundu, akasema mbele ya wote: "Atakayeyavusha mayai haya, jogoo huyu ni wake!"

Watu watatu wakajitokeza.

Wa kwanza Mzee Mwasenga, mwenye mtambo wa maji kwenye mfereji. "Umeme wangu hauna gharama. Maji yanapita yenyewe, mimi nayaomba tu yapitie kwangu."

Wa pili Mwalimu Tumpe, mstaafu, mwenye paneli za sola juu ya bati. "Jua nalo halina gharama. Ila nina betri mbili tu, na zimezeeka kama mwenyewe."

Wa tatu Ambakisye, shemeji yake Sekela, mpiga muziki wa harusi, mwenye jenereta. "Ya kwangu ina gharama, shemeji, sikufichi. Lakini wenzangu wakishindwa, mimi nipo."

Kikundi kikauza mbuzi wake wa mwisho, mafuta yakanunuliwa, tangi likajaa. Jenereta ikawekwa ukumbini, karibu na mashine. Ambakisye akataka kuiwasha kidogo kila Jumamosi, kuijaribu. Sekela akamshika mkono.

"Shemeji, mafuta si maji. Usiiguse mpaka nikwambie."

Basi siku ya kwanza maji ya Mzee Mwasenga yakazungusha mtambo, mayai yakalala na joto. Siku ya pili maji yakazungusha, mayai yakalala na joto. Hivyo hivyo mpaka siku ya tisa. Mzee akaanza kumwita jogoo kwa jina, kama amekwisha kuwa wake.

Siku ya kumi mfereji ukakauka. Kumbe kiangazi kimekaza, na wakulima wa kabichi kule juu wanachepusha maji mchana kutwa, wanayaachia jioni tu. Mwalimu Tumpe akaunganisha waya wake, lakini kila mtu alijua betri zake ni za kuazima uhai.

Sekela akapatwa na hofu ya kweli. Akachukua vikapu ayatoe mayai, awarudishie matetea sita, kila mmoja kumi na mawili. Mengine? Mengine yafe, kuliko kufa yote. Mkono ulikuwa tayari kwenye mlango wa mashine. Akageuka, akaiona jenereta, tangi limejaa, Ambakisye amekaa juu yake anachokonoa meno.

"Unaogopa nini, shemeji? Mimi nipo."

Akaweka vikapu chini.

Toka hapo mchana jua, usiku maji, mayai yakalala na joto. Siku ya kumi na nane ukungu ukashuka, jua likawa hafifu. Mwalimu Tumpe akazima taa zake, akazima redio yake, akazima friji, maziwa yakaganda yakawa mtindi, mradi betri zibaki za mayai. Mayai yakalala na joto. Ambakisye akakataa harusi mbili ili asiondoe jenereta. Hakuiwasha hata mara moja.

Siku ya ishirini na moja, piu! Piu, piu, piu! Vifaranga mia na themanini. Sekela alilia bila kuficha. Mama mkwe akaweka kifaranga kifuani, akasema sanduku lina adabu kuliko wakwe wengine.

"Muziki!" akina mama wakapiga kelele. "Ambakisye, washa hiyo kitu tucheze!"

Ambakisye akavuta kamba. Kho. Akavuta tena. Kho. Akafungua kifuniko. Ndani, panya! Nyaya zimetafunwa zote, na watoto saba wa panya wamelala na joto lao. Mwalimu Tumpe akavaa miwani, akakagua kiota.

"Hiki kina zaidi ya wiki mbili. Siku ya kumi jenereta hii ilikuwa maiti."

Ukumbi ukalipuka. 

"Jogoo ni wangu," akasema Mzee Mwasenga. "Siku tisa peke yangu, na usiku wote uliofuata."

"Usiku!" akasema Mwalimu Tumpe. "Mzee wangu, mchana yangekufa. Nimekunywa mtindi siku tatu kwa ajili ya mayai yenu."

Ambakisye akakuna kichwa. "Mimi sikujua. Nilitaka kuijaribu, nikakatazwa. Lakini shemeji, sema kweli: bila mimi pale, ungeweka vikapu chini?"

Sekela alilijua jibu. Asingeviweka.

"Basi mpeni panya!" mama mkwe akadakia. "Naye alikesha humo humo."

Watu wakacheka, Sekela hakucheka. Jogoo alikuwa kwapani mwake, mzito, anachungulia huku na huku, naye jogoo hakatwi vipande akaendelea kuwika. Na kesho trei nyingine za mayai zinatoka kijiji cha jirani, zinataka siku ishirini na moja zao. Akimnyima Ambakisye, nani tena atakaa siku zote hizo akingojea balaa lisilokuja? Akimpa, nani tena atahangaika kufukuza panya?

Sekela akainua jogoo. Wote watatu wakanyoosha mikono.

Nanyi mnaonitazama, msitazame chini. Je, jogoo alikuwa wa nani?