Mbiu Mbili Hufukuza Soko

Mbiu mbili hufukuza soko. Mmeisikia, mmecheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Mtemi Mihayo alitawala mji wa ziwani. Mwaka mmoja samaki walivuliwa kupita kiasi, na chumvi ya kuwahifadhia ikaisha. Wasipotiwa chumvi siku ile ile, wangeoza wote, na mji ungelala njaa.

Asubuhi wafanyabiashara wa chumvi wakaonekana na punda wao. Mihayo akawaza: nikiwaondolea ushuru, watauza upesi. Hakumwuliza mtu. Mbiu yake ikalia lango la mashariki: “Chumvi haina ushuru!”

Ndalahwa, mweka hazina wake, naye alikuwa na ghala linalovuja, akataka mali ya kuliezeka. Hakumwuliza mtu. Mbiu yake ikalia lango la magharibi: “Ushuru wa chumvi ni mara mbili!”

Wafanyabiashara wakakutana sokoni.

“Umelipa ngapi?”

“Mara mbili.”

“Mimi bure.”

“Basi tuondoke. Mji wenye vinywa viwili utatutafuna.”

Wakafunga mizigo, wakashika njia.

Mihayo alikuwa barazani na Ndalahwa, wakinywa uji, mara Nyanzala muuza samaki akaingia na kapu lake, akalibwaga katikati yao.

“Nuseni, wakubwa wangu!”

Mihayo akaziba pua. Alipoelezwa mambo, akamgeukia Ndalahwa. “Mbona hukuniambia?”

“Mtemi, nawe uliniambia?”

“Wapishi wawili wasioulizana huzidisha chumvi,” alisema Nyanzala. “Nyinyi mmeimaliza kabisa!”

Mihayo aliona aibu, kisha kicheko kikamshinda. Akainua kanzu, akatimua mbio, Ndalahwa nyuma yake na pembe yake ya mbiu mkononi. Walibishana njia nzima, na walipowafikia wafanyabiashara, wao wawili walikuwa wameshakubaliana. Ndalahwa akapuliza, Mihayo akatangaza: “Ushuru ni kibaba kimoja cha chumvi kwa kila punda, baada ya kuuza. Asiyeuza halipi!”

Mkuu wa msafara hakumtazama Mtemi. “Na huyu mwenzako anasemaje?”

“Hilo hilo,” alisema Ndalahwa, akihema kama mvukuto.

Punda wakageuzwa. Jua lilipotua, samaki wote walikuwa na chumvi, hata lile kapu la barazani, japo hakuna aliyelinunua.

Tangu siku ile pembe ilikaa kwa Ndalahwa, na mtu wa kuipuliza akakaa kwa Mihayo, hivyo tangazo halikutoka mpaka wawili hao wazungumze. Pembe ya pili aliichukua Nyanzala, akaifanya ya kuchotea chumvi. Kila mteja alipomwuliza mbona anapimia kwa pembe ya serikali, alimjibu: mbiu mbili hufukuza soko.